Panya ameshaota meno, pengo langu bado lipo

"Hiyo habari nimeisikia tangu nikiwa na meno yote," mama wa chai alisema, akaendelea kugeuza mandazi kwenye karai bila hata kuitupia simu jicho.

Simu ilikuwa ya kijana wa bodaboda. Alikuwa ameketi nasi kwenye benchi la kibanda, Ngara, saa nne asubuhi, akisubiri mteja, na alikuwa na video ya dakika moja hivi: Wajapani wamevumbua dawa, unadungwa sindano, jino jipya linaota, ifikapo 2030 mambo tayari. Nyuma ya maneno kulikuwa na muziki wa kutisha, sijui kwa nini. Tulikuwa wateja watatu, yeye mama wa nne, na mapengo yetu ukiyajumlisha hayakosi saba. Fundi viatu, ambaye peke yake anamiliki manne, alicheka akafunika mdomo kwa kiganja kama ilivyo desturi yake. "Hiyo haitakuja," akasema. "Madaktari wa meno watakula wapi? Hao ni makateli, mzee. Wameikalia."

Nilinyamaza. Si kwamba nilikosa la kusema, ila kati yetu wote mimi ndiye ambaye habari hiyo imemgharimu zaidi.

Mwaka 2009 niling'olewa gego la chini, upande wa kushoto. Lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi, likatoka vipande vipande, na ganzi ikaisha kabla ya kazi. Daktari akanieleza kwamba naweza kuwekewa daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na majirani zake, au nikipata pesa nipandikizwe jino la skrubu ya titani. Nikamwambia nitafikiria. Muda si mrefu, katika saiba moja barabara ya Tom Mboya, nikasoma kwamba timu ya Takashi Tsuji wa Chuo Kikuu cha Sayansi cha Tokyo imeotesha jino zima ndani ya kinywa cha panya. Walichukua seli kutoka kwenye kiinitete cha panya, wakazikutanisha maabara hadi zikaanza kuwa chipukizi la jino, wakalipanda chipukizi hilo palipong'olewa gego. Jino likachomoza, likakutana na la juu, likatafuna. Hata neva lilikuwa nazo. Nikapiga hesabu yangu hapohapo: panya leo, binadamu baada ya miaka mitano, tuseme kumi kwa sababu ya urasimu. Daraja la nini? Nikaliacha pengo wazi.

Mwaka jana nikapigwa picha ya taya. Gego la juu, kwa kukosa mwenzake wa kukutana naye, limeteremka kulitafuta pengo. La nyuma yake limeinama mbele kama mlevi aliyeegemea nguzo ya stima. Na mfupa wa pale palipokuwa na jino umekonda. "Mzee," akaniambia daktari, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, "kinywa hakikai na nafasi wazi. Ungekuja mapema."

Kwa hiyo wanaposema watu kwamba utafiti wa kuotesha meno ni hadithi ya abunuwasi, mimi nina sababu ya kuwaunga mkono kuliko wengi. Lakini nimekaa na jambo hili, nimesoma nilichoweza kusoma, na naona shaka yetu ina nguvu nyingi ila inapiga pembeni. Tunauliza "lini?" na "nani anaficha?" Maswali ambayo yangeniokoa mimi mwaka 2009 yalikuwa mengine kabisa: jino limeota kinywani mwa nani, limetokana na nini, na kati ya hapo na kinywa changu kuna milima mingapi.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani, Stan Gronthos na Songtao Shi wakiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba ndani ya jino la mtu mzima, kwenye kile kiini laini chenye mishipa, kuna seli shina, zile ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Miaka mitatu baadaye wakazipata hata kwenye meno ya utotoni, yale tunayotupa juu ya bati. Mwaka 2002, katika taasisi ya Forsyth kule Boston, seli za chipukizi la jino la nguruwe zilipandwa tumboni mwa panya, na baada ya miezi kadhaa zikatoa vijitaji vidogo vya meno vyenye enameli, lile ganda gumu la nje, na dentini iliyo chini yake. Nasema tumboni. Jino la nguruwe, tumboni mwa panya. Ni kazi ya kustaajabisha, na mtu mwenye akili timamu akiisoma vizuri hawezi kuahirisha daraja lake kwa ajili hiyo. Mwaka 2004 Paul Sharpe wa King's College London, ambaye kazi yake ilikuwa kuunda chipukizi la jino kwa seli shina za panya, alikuwa na kampuni iliyoanzishwa kwa ajili ya biashara hiyo, na magazeti ya Uingereza yakaandika kuhusu majaribio kwa binadamu kana kwamba yapo kona ya pili. Miaka zaidi ya ishirini imepita. Kona ile bado hatujaikunja.

Hapa ndipo mama wa chai ana haki yake kamili. Hakuzua shaka. Ameisikia ahadi ileile, kwa sauti ileile, kwa miongo miwili, na kila mara imekuja bila kutaja ile ya kabla yake. Mwaka 2017 ilikuwa tideglusib, dawa iliyokuwa imejaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer, ambayo timu ya Sharpe iliitia kwenye sifongo ya kolajeni na kuiweka ndani ya matundu waliyotoboa kwenye magego ya panya; dentini ikajijenga na kuziba tundu. Vichwa vya habari vikasema mwisho wa kuziba meno umefika. Mwaka 2025 ikawa tena London, safari hii ni kitu kama uji mzito wa maabara unaoziwezesha seli kupeana ishara polepole, jinsi zinavyofanya ndani ya taya. Vichwa vya habari vikasema wanasayansi wameotesha jino. Ukweli ni kwamba walikuwa wamepiga hatua katika matayarisho ya chipukizi. Lakini nani atafungua habari yenye kichwa "Uji wa kuoteshea chipukizi waboreshwa"?

Na sisi wa Nairobi tuna kovu letu wenyewe katika mambo haya. Waliokuwa watu wazima mwaka 1990 wanaikumbuka Kemron, dawa iliyotangazwa na taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, na kupewa baraka za juu kabisa za serikali, kwamba imepambana na UKIMWI. Majaribio yaliyofuata kwingineko hayakuyaona yale matokeo. Kisha mwaka 1996 ikaja Pearl Omega, dawa nyingine iliyodaiwa kutibu UKIMWI, nayo ikazua yake. Watu waliuza ng'ombe. Mtu aliyezikwa na ahadi ya namna hiyo, au aliyemzika ndugu yake nayo, hawezi kuambiwa eti hana imani na sayansi kwa sababu hajasoma. Amesoma sana, ila kitabu chake ni kingine.

Sasa, kwa nini meno yanachelewa? Jibu moja liko hapahapa mjini. Panda mlima wa Museum Hill, ingia jumba la makumbusho, mtazame yule mvulana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale. Kamoya Kimeu aliona kipande chake cha kwanza mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa ziwa, na mifupa yake ina umri wa takriban miaka milioni 1.5. Swali lililowashughulisha wataalamu ni je, alikufa akiwa na umri gani? Ukitazama urefu na mifupa yake utadhani ni kijana wa miaka kumi na mbili au zaidi. Meno yalisema vingine: miaka minane hivi. Na waliyaamini meno, kwa sababu enameli hujengwa siku kwa siku, na kila siku huacha mstari wake, mwembamba kiasi cha kuhitaji hadubini, kama shina la mti linavyoacha pete kila mwaka. Jino ni kitabu cha mahudhurio. Haliruki siku.

Chukua hilo ulilete kwetu. Gego la kwanza la kudumu la mtoto huanza kujengwa karibu na siku ya kuzaliwa, huchomoza akiwa na miaka sita, na mizizi yake hukamilika akiwa na tisa au kumi. Gego la mwisho, lile la akili, hutujia tukiwa tumeshamaliza shule. Panya mdogo wa maabara yeye anamaliza gego lake la kwanza katika wiki chache. Lile chipukizi la Tokyo lilichomoza kinywani mwa panya baada ya siku kama 37 tu. Mtafiti wa panya anaweza kukosea mwezi Januari, akarudia Machi, akakosea tena, na kufikia Krismasi awe na makala. Mtafiti wa jino la binadamu akianza leo, hata mambo yake yote yakienda sawa, huenda mtoto aliyemfanyia jaribio akamaliza darasa la sita ndipo amwonyeshe kama mzizi umekaa vizuri. Huo si uzembe, wala hakuna hongo ya kuharakisha.

Kuna jambo jingine ambalo video za dakika moja hazisemi. Mamba hubadilisha meno maisha yake yote. Tembo wa Amboseli hupata seti sita za magego, moja nyuma ya nyingine, na ya sita ikisagika hana tena njia ya kutafuna. Sisi tumepewa mbili. Ule utepe wa tishu kwenye fizi ambao huzaa machipukizi ya meno hufanya kazi yake tukiwa wadogo kisha huvunjikavunjika na kupotea. Seli zinazotengeneza enameli nazo hufa jino linapochomoza, zote, hata moja haibaki ya kurekebisha tundu. Panya wa Tokyo alipata jino kwa sababu mtafiti alikuwa na seli za kiinitete cha panya mwingine. Kwa binadamu utazitoa wapi? Za kiinitete cha nani? Hapo maadili yanaingia mlangoni, na yana haki ya kuingia. Ukizipata, lazima uziambie ziunde gego na si jino la mbele, liwe na ukubwa wako na si wa jirani, lielekee juu na si pembeni, liote mizizi, lishikamane na taya kwa zile nyuzi nyembamba zinazolifanya jino lihisi punje ya mchanga kwenye wali. Kila mojawapo ya hayo ni kazi ya maabara kadhaa kwa miaka kadhaa.

Sasa tuje kwa Wajapani wa kwenye simu, kwa sababu hao ni tofauti kidogo, na tofauti yao ndiyo inayostahili mabishano ya kibandani.

Katsu Takahashi, daktari wa upasuaji wa kinywa ambaye ameshughulikia jambo hili tangu alipokuwa Chuo Kikuu cha Kyoto na sasa yuko hospitali ya Kitano, Osaka, hajaribu kuunda jino nje ya mwili. Yeye na wenzake waliona kwamba panya waliokosa protini iitwayo USAG-1 huota meno ya ziada. Maana yake protini hiyo ni breki. Wakatengeneza kingamwili ya kuishika breki hiyo isifanye kazi. Mwaka 2021 wakachapisha kwamba panya waliozaliwa na kasoro ya kukosa meno wameota meno kwa sindano hiyo, na kwamba ferreti, mnyama mdogo wa ukoo wa kicheche, ameota jino la ziada. Ferreti alichaguliwa kwa akili: yeye kama sisi ana meno ya utotoni na ya kudumu, seti mbili basi. Kampuni yao, Toregem BioPharma, ilianzishwa mwaka 2020, na mwaka 2024 majaribio ya kwanza kwa binadamu yalianza katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto.

Kijana wa bodaboda alipofika hapo alinitazama kama aliyeshinda. "Si unaona, mzee? Washaanza na watu."

Wameanza na watu, ni kweli. Wanaume 30, wenye umri wa kati ya miaka 30 na 64, ambao kila mmoja amekosa angalau jino moja la nyuma. Na swali lililowapeleka pale ni kama dawa ni salama mwilini. Jino kuota kungekuwa bahati ya ziada. Halikuwa swali la hatua ile. Wanaofuata foleni ni watoto wa miaka miwili hadi saba waliozaliwa bila meno manne au zaidi. Hao ndio 2030 inawahusu, ikiwa itafika kama ilivyopangwa. Mimi na gego langu lililooza kwa sukari na uvivu hatumo kwenye orodha hiyo. Fundi viatu hayumo. Hata mama wa chai hayumo.

Tena fikiria ile breki vizuri. Ukitoa breki ya mkono kwenye matatu yenye injini, itaondoka. Ukiitoa kwenye ile matatu iliyo juu ya mawe pale Grogan, iliyouzwa injini zamani, utabaki umeishika breki mkononi. Mtoto aliyezaliwa bila meno huenda ana chipukizi lililosimama njiani likisubiri. Takahashi na wenzake wanaamini kwamba hata sisi watu wazima tuna mabaki ya machipukizi ya seti ya tatu. Kama yapo, na kama yana uhai wa kutosha baada ya miaka hamsini ya ugali na nyama choma, hilo ndilo jambo lote. Mwenye shaka anayetaka kazi ya maana na aikalie hapo, aachane na makateli. Akitaka nyingine, aulize kuhusu figo, kwa sababu protini hiyohiyo hupatikana kwa wingi kwenye figo, na dawa ya sindano haijui kusoma kibao kinachosema "kinywani tu". Ndiyo maana kwa wale wanaume 30 usalama ulitangulia kupimwa. Mgonjwa wa saratani atakubali dawa yenye madhara mazito kwa sababu mbadala wake ni kaburi. Mimi mbadala wangu ni kutafunia upande wa kulia. Mdhibiti yeyote mwenye akili ataniambia nisubiri, na ana haki.

Hilo ndilo linaloeleza pia pesa. Pengo haliui, basi fedha za utafiti haziji kwa mafuriko kama zinavyokwenda kwenye magonjwa yanayoua. Hii ni sababu ya kuchosha, haina mhalifu, na nadhani ndiyo maana haipendwi. Makateli ni hadithi tamu zaidi. Lakini itazame kwa jicho la mtu wa soko: Takahashi mwenyewe ni mtu wa meno. Dawa ikifaulu, nani atampiga mgonjwa picha, nani atamdunga, nani atalinyoosha jino litakalochomoza kombo? Ni walewale. Kuna maabara Japani, Uingereza, Marekani, Uchina, zote zinashindana, na ya kwanza kufika itaogelea kwenye pesa. Kateli ya namna hiyo, ambayo wanachama wake wote wangetajirika kwa kuisaliti, haidumu wiki moja Nairobi.

Kwa upande mwingine, nawaona pia wale wa kambi ya pili, wanaotaja miaka na kusema kama havijafika sasa havitafika kamwe. Hao nawauliza kuhusu titani. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, Msweden, alikuwa akichunguza damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kutumia kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, kikakataa: mfupa ulikuwa umekikumbatia. Mgonjwa wa kwanza kuwekewa skrubu za meno za aina hiyo alipatikana mwaka 1965. Na wataalamu wenzake hawakumkubali kwa upana hadi mkutano wa Toronto wa mwaka 1982. Miaka thelathini kamili tangu sungura, kwa kitu ambacho ni skrubu tu, hakina seli, hakioti. Au tuje nyumbani: chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa mwaka 1987, watoto wa Kilifi na Magharibi wakaingia kwenye majaribio yake, na ilizinduliwa Homa Bay Septemba 2019. Miaka 32. Nakumbuka katikati ya miaka hiyo tulivyokuwa tukiicheka.

Simaanishi kwamba jino litafuata njia hiyohiyo. Kazi nyingi zilizoanza sambamba na titani zilikufa bila mazishi na hatuzikumbuki, ndiyo maana mifano ya waliofaulu hudanganya kidogo. Ninachosema ni kwamba kuchelewa pekee hakuthibitishi lolote. Kilichooza ni ile tarehe inayobandikwa mwishoni mwa kila habari, na wanaoibandika ni wengi: mtafiti anayehitaji ruzuku, kampuni inayohitaji wawekezaji, mwandishi anayehitaji wasomaji (nimo humo), na msomaji mwenye pengo anayehitaji kuamini. Kila mmoja akipunguza miaka miwili mitatu tu kwa nia njema, ya thelathini inakuwa mitano.

Wahenga wa pwani walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Nimeitafakari sana methali hiyo tangu ile picha ya taya. Walijua meno ya bandia, walijua pembe ya ndovu, na walijua kwamba kitu cha kuazima hakikai kama chako. Ila pengo lenyewe halikuwa aibu kila mahali. Kwa Wajaluo wa zamani, meno sita ya chini yaling'olewa makusudi, nawe ukahesabika mtu mzima. Wamasai waliyatoa mawili ya katikati. Babu wa rafiki yangu alikuwa akijivunia pengo lake kama mwingine anavyojivunia shahada. Leo fundi viatu anacheka akiwa amefunika mdomo.

Na ipo desturi nyingine ambayo inaniuma zaidi kila ninaposoma habari za machipukizi. Mtoto mchanga akiharisha na kushikwa na homa, wapo wanaoona uvimbe mweupe kwenye fizi zake, wanauita meno ya plastiki, wanauchokoa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Uvimbe ule ni chipukizi la jino la mtoto, na chini yake kuna la kudumu likisubiri zamu. Kule Osaka watu wamemaliza nusu ya umri wao wakitafuta chipukizi moja la kuliamsha. Huku tunalitoa kwa spoku, bila ganzi.

Ndiyo maana hesabu ya 2030 inanichosha hata nikiiamini. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 duniani wana ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine, na kwa Afrika madaktari wa meno hawafiki wanne kwa kila watu 100,000. Visima virefu kuanzia Nakuru hadi sehemu za Nairobi yenyewe hutoa maji yenye floridi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita inayoruhusiwa, na watoto wanakua na meno ya rangi ya chai, wakati hapohapo watoto wengine wanaoza meno kwa kukosa floridi hiyohiyo kwenye dawa ya mswaki. Dawa ya mswaki yenye floridi iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu za shirika hilo mwaka 2021. Ile skrubu ya Brånemark ina umri wa miaka sitini tangu iingie kinywani mwa mtu, na mimi niliambiwa laki moja na nusu kwa moja tu, kabla ya kuongeza mfupa. Taja mtu mmoja kwenye benchi lile la Ngara ambaye ameiona kwa macho.

Hivyo basi siku ile, fundi alipomaliza na makateli wake na kijana alipomaliza na Wajapani wake, niliwaeleza haya kwa ufupi, nikawaonyesha na pengo langu. Kijana akalichungulia kwa heshima. Ana tundu kwenye gego la juu, akasema, linamsumbua akinywa soda baridi, lakini alikuwa ameona heri asubiri hiyo sindano kuliko kwenda kuzibwa na baadaye kuja kuzibuliwa. Nikamuuliza kuziba ni shilingi ngapi. Hajui, hajawahi kuuliza. Nikamwambia aende wiki hii, kuna kliniki ya chuo kikuu kule Argwings Kodhek ambako wanafunzi wanafanya kazi wakisimamiwa na walimu wao, aanzie huko aulize bei.

Mama wa chai alikuwa amemaliza karai la pili. Akafuta mikono kwenye leso, akanigeukia.

"Sasa huyo Mjapani," akasema, "kati ya hayo yote uliyosoma, ametaja bei?"

Nikamwambia katika niliyosoma sikukumbuka kuona bei.

"Basi," akasema, akanipimia chai nyingine.